Nyama ya Kuhesabiwa Haikai kwenye Sinia

Biriani ya Jumamosi pale Geita iliharibika dakika chache kabla ya kutoka jikoni, na aliyeiharibu si mpishi. Ni yule aliyeamua nyama itolewe kwenye masala, ihesabiwe kipande kimoja kwa kila kichwa, kisha ipangwe ukingoni mwa sinia, kila mtu na chake. Uamuzi mbovu. Wachimbaji waliochanga hela yao kwa ajili ya chakula cha pamoja walistahili bora kuliko hicho.

Mliokuwepo mliona kilichofuata. Sinia moja, watu sita. Ukingoni hakuna rundo la wali la kutunza joto, kwa hiyo nyama ya mbuzi iliyolazwa pale ilipoa kabla MC hajamaliza kutambulisha meza kuu, mafuta yakaganda. Masala nayo yakaifuata nyama pembeni, katikati ukabaki mlima wa wali mkavu ambao hakuna aliyekuwa na sababu ya kuufikia. Mmoja alipata paja, jirani yake mfupa wa shingo. Wa paja akala kimya, macho chini. Wa shingo ndiye aliyekuwa mzee kuliko wote pale, na kijana aliyetaka kumbadilishia angempa nini, nusu ya kilichokwisha kung'atwa?

Nyama ikikaa katikati, vipande vikubwa juu ya wali na masala chini yake, kila mtu anajua la kufanya. Unakula upande wako, unasogea ndani polepole, unayakuta masala yangali moto. Mkubwa wa sinia haigusi nyama mapema. Wali ukipungua ndipo anaichambua, anamsogezea mgeni kwanza, halafu vijana, na anayekula taratibu hapunjwi kwa sababu mgao ulikuwa unamsubiri. Ukimpangia kila mtu chake tangu jikoni, umemnyang'anya mzee kazi yake na umewanyima vijana nafasi ya kuonyesha adabu. Hata bakuli za foili, ninazozichukia, hazijidai kuwa chakula cha pamoja.

Kamati iliyoandaa chakula inajitetea kwamba mara iliyopita wachache walimaliza nyama. Ni kweli, lakini kamati iliwaketisha vijana peke yao sinia moja, bila mkubwa. Dawa yake ni kuchanganya umri.

Usukumani adabu hii ya kula haikuwa somo la kufundishwa ukubwani. Kwenye shikome, moto wa jioni wa wanaume, chakula kililiwa pamoja, na mtoto alijifunza pale pale lini anyooshe mkono na lini asubiri. Na wapishi wa harusi wa Tabora niliowaona nikiwa kijana hawakumruhusu mtu yeyote kugusa sinia kati ya sufuria na mkeka.

Wali wenyewe ulipikwa vizuri: ulilowekwa, ukachemshwa nusu, ukachujwa, ukapaliwa makaa, punje hazikushikana. Kachumbari safi. Ila basmati ya Pakistani tena! Majaruba ya Kahama yako jirani, na mchele wake, ukiutoa motoni mapema na kuuchuja vizuri, unahimili kupaliwa. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940, mgodi mkubwa wa Geita umekuwa ukitoa dhahabu tangu 2000, na bado wali wa sherehe zetu lazima upande meli.

Kosa la pili ni mtoto wa lile la kwanza. Haraka ya kuhesabu nyama iliwafanya wapakue juu juu, ukoko ukabaki chini ya sufuria na kumwagiwa maji. Jina la biriani lina asili ya Kiajemi, na Waajemi wenyewe hupika ukoko wa wali kwa makusudi. Wanauita tahdig, wanauleta mezani mbele ya wote, na ndio unaogombewa kuliko kitu kingine. Ukoko wenye samli na zafarani, umeoshwa na maji ya bomba!

Desemba kamati hiyo hiyo inapika tena. Mwiko uwe mikononi mwa mpishi mpaka sinia litue mkekani, na mwenye orodha ya majina abaki mlangoni.