Ushahidi wa Mezani: Mazungumzo ya Chakulani na Uhakiki wa Bunilizi ya Kisayansi na Vibonzo

Uhakiki wa kisasa umekuwa ukizitilia shaka kauli za watunzi kuhusu kazi zao. Tangu W. K. Wimsatt na Monroe Beardsley walipochapisha, mwaka 1946, makala yao kuhusu hatari ya kuitegemea nia ya mwandishi, wahakiki wengi wameshikilia kwamba matini ndiyo msingi wa hukumu. Shaka hiyo huzidi pale kauli inapotolewa mezani, baina ya tonge na tonge, mbele ya mwenyeji aliye rafiki. Hata hivyo, ziko tanzu ambazo haziwezi kuelezwa kikamilifu bila maneno ya aina hiyo. Makala haya yanajadili mbili, yaani bunilizi ya kisayansi na hadithi za vibonzo nchini Marekani, na yanadai kwamba mazungumzo ya chakulani ni ushahidi halali mradi yapimwe kwa vigezo vya fasihi simulizi, si kwa vigezo vya hati.

Mfano ulio bayana ni podikasti ya Scott Edelman iitwayo Eating the Fantastic, iliyoanza mwaka 2016. Edelman humwalika mtunzi mkahawani, wakala, wakazungumza, na mazungumzo yakarekodiwa pamoja na milio ya sahani na vijiko. Mwenyeji huyu si mtafiti kutoka nje. Aliwahi kuwa mhariri msaidizi katika kampuni ya Marvel miaka ya 1970, na aliliongoza jarida la Science Fiction Age kuanzia 1992 hadi 2000. Kwa hiyo mgeni wake huzungumza na mtu wa kazi ile ile, na mambo ya malipo, tarehe za mwisho na ugomvi wa wahariri, ambayo huachwa katika mahojiano rasmi, hupata nafasi. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa anayepona zaidi ni msikilizaji.

Desturi yenyewe si ngeni katika utanzu huu. Klabu ya Trap Door Spiders, iliyoanzishwa New York mwaka 1944, iliwakutanisha kwenye chakula cha jioni waandishi kama L. Sprague de Camp na Isaac Asimov. Kutokana nayo Asimov alibuni hadithi zake za Black Widowers, ambazo zilianza kuchapishwa mwaka 1972. Katika hadithi hizo, wanachama hula na mgeni mwenye fumbo, wakahojiana naye kwa ufasaha mwingi, na mwishowe fumbo likateguliwa na Henry, mhudumu aliyekuwa akisikiliza. Asimov anaonyesha kwamba maana ya mazungumzo haipatikani lazima kwa wazungumzaji wenyewe. Aidha, klabu hiyo ilikuwa ya wanaume tu, jambo linalomkumbusha mhakiki kwamba kila meza ina walioalikwa na wasioalikwa.

Katika vibonzo suala hili ni zito zaidi, kwa sababu linagusa haki ya utunzi. Jerry Siegel na Joe Shuster waliuza haki za Superman kwa dola 130 mwaka 1938. Hadi mwaka 1975, baada ya shinikizo la umma, ndipo walipokubaliwa malipo ya uzeeni na majina yao kurejeshwa. Katika Marvel ya miaka ya 1960, Stan Lee alijadiliana na mchoraji kuhusu kisa, mara nyingi kwa mdomo tu. Jack Kirby au Steve Ditko alichora kurasa zote, akiamua mfuatano na mwendo wa matukio. Kisha Lee akatia maneno ya wahusika. Muhtasari mmoja mmoja ulioandikwa umehifadhiwa, lakini sehemu kubwa ya utunzi ilifanyika katika mazungumzo. Mhakiki anayetafuta mswada kamili wa awali, kama ule wa riwaya, hataupata. Kilichobaki ni kumbukumbu za waliohusika.

Kumbukumbu nazo hupingana, kwani ulimi hauna mfupa. Katika mahojiano yaliyochapishwa na The Comics Journal mwaka 1990, Kirby alikana kwamba Lee aliandika hadithi hizo. Lee naye alijieleza kuwa chanzo cha mawazo. Mtaalamu wa fasihi simulizi hashangazwi na toleo kupingana na toleo. Huuliza nani anasimulia, kwa nani, na katika mazingira gani. Kirby alizungumza baada ya mgogoro wake na Marvel katika miaka ya 1980 kuhusu kurudishiwa kurasa alizochora, na uchungu huo ni sehemu ya usimulizi wake.

Lakini hapa fasihi simulizi pekee haitoshi. Katika ngano, matoleo mawili yanaweza kuishi pamoja. Katika haki ya utunzi, kuyaita yote sawa ni kumpendelea aliyekwisha kulipwa. Warithi wa Kirby waliendesha kesi kwa miaka kadhaa kabla ya kupatana na Marvel mwaka 2014. Kauli ya mezani inapaswa kumrejesha mhakiki kwenye kurasa. Pambizoni mwa michoro ya Kirby yamo maelezo aliyomwandikia Lee kueleza kinachotendeka. Maelezo hayo hayamalizi ubishi wote, ila yanathibitisha kwamba mchoraji alikuwa pia msimulizi.

Funzo hili linawahusu pia watafiti wanaoyatumia mahojiano na waandishi katika tasnifu za Kiswahili. Kumnukuu mwandishi huku swali aliloulizwa limeondolewa ni kuukata usimulizi na muktadha wake. Ni sharti mtafiti aeleze aliyealika, waliokuwepo, uhusiano wao, na swali lililotangulia jibu. Baada ya hapo airudie kazi yenyewe, kwa sababu maneno ya mtunzi humwonyesha mhakiki mahali pa kutazama, na kutazama kunabaki kuwa wajibu wake.