Kuomba kwa Kipimo

Mhandisi mchanga anayebuni chipu anaweza kuwa Katelembo, Machakos, na laptopu yake, huku kazi nzito ikifanywa na klasta, yaani kundi la kompyuta, ya chuo kikuu kilicho mbali. Nikitazama watu wa aina hii, ninachokistahi zaidi ni jinsi wanavyoomba nafasi kwenye klasta hiyo.

Kazi yenyewe ni sinthesisi. Saketi iliyoandikwa kwa lugha ya Verilog hurahisishwa lojiki yake, kisha hujengwa upya kwa seli za maktaba ya kiwanda, kama ile ya SkyWater ya nanomita 130 iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2020. Fundi hujaribu kwanza kipande kidogo kwenye laptopu kwa Yosys, programu huria iliyoanzishwa na Claire Wolf. Hapo hunasa makosa mepesi, na hupata kipimo: kumbukumbu kiasi gani, dakika ngapi.

Ndipo anapoandika faili fupi ya Slurm, msimamizi wa foleni anayetumika pia kwenye klasta ya ILRI, Nairobi. Akiomba muda mchache mno, kazi hukatwa ikiwa katikati. Akiomba mwingi mno, atangoja. Ni kama kwenye mashine ya kusaga unga: mwenye gunia akisubiri nafasi, mwenye gorogoro hupenyezwa.

Asiye na uzoefu huomba kori 32 za prosesa. Fundi anajua kuwa sehemu kubwa ya kazi ya Yosys huenda kwa kori moja, kwa hiyo huomba moja, lakini hutuma kazi 5 kwa pamoja, kila moja na mpigo wake wa saa: nanosekunde 8, 9, 10, 11 na 12. Akitumia programu ya kulipia, hutaja leseni ndani ya ombi, kazi isije ikaanza na kufa kwa kukosa leseni.

Ripoti zikirudi, husoma njia ya ishara iliyo ndefu kuliko zote. Ikichukua nanosekunde 10.4 na mpigo ni 10, kuna 0.4 za kutafutwa: aigawe njia hiyo kwa rejista, au akubali saketi ya polepole zaidi.

Mwisho huita amri ya Slurm iitwayo sacct, aone kumbukumbu iliyotumika kweli. Aliomba gigabaiti 16, zikatumika 6. Safari ijayo ataomba 8.