Yambuya: kosa lilikuwa baruti

Nasema mapema nisimzungushe mtu: kambi ya Yambuya, ambako Stanley aliwaacha watu wake wa nyuma, iliharibiwa na baruti. Wengine wanalaumu msitu wa Ituri, wengine hasira za Meja Barttelot, aliyeachiwa kambi hiyo. Nimewasikiliza wote, na kila nikirudi kwenye orodha ya mizigo ya msafara wa Stanley wa 1887, naona doa lile lile.

Orodha mnaijua: kutoka Misri, Remington 510, risasi zake 100,000, baruti tani 2, fataki 350,000. Itazame kwa jicho la mpiga bunduki. Remington hufunguliwa kwa nyuma, ikatiwa risasi nzima yenye ganda la shaba; mifereji ya mtutu huing'ata risasi, ikatoka inazunguka na kwenda inakolengwa. Baruti ya kumimina haina kazi humo. Gobori ni habari nyingine. Unapima baruti, unaimimina kinywani, unashindilia kitambaa na goroli jembamba kuliko mtutu wenyewe, kisha unavika fataki. Goroli hutoka likigonga ukuta huku na huku. Ukivuka mita 70, kulenga kumekwisha. Lakini gobori ndizo walizokuwa nazo watu wa mfanyabiashara Tippu Tip, na baruti ndiyo chakula chake.

Hapo ndipo kosa lilipo. Zanzibar, Februari 1887, mapatano yalikuwa wazi: Tippu Tip atoe wapagazi 600, Stanley atoe baruti. Kufika mto Kongo, mashua hazikutosha, mamia ya mizigo yakabaki Bolobo na Stanley Pool. Tarehe 28 Juni Stanley akaondoka Yambuya na watu 389, akamwachia Barttelot agizo la kuwasubiri wapagazi wa Tippu Tip. Wasubiriwe kwa malipo gani? Tippu Tip alilalamika kwamba baruti aliyoahidiwa hakupewa, na kwa hilo alikuwa na haki, hata kama mikono yake ilijaa damu ya biashara ya watumwa. Mzigo wa kwanza kupanda mashua ulipaswa kuwa ule wa mapipa ya baruti. Usipompa mwenzako alichokuja kukifuata, usimwekee tarehe.

Mirambo, mtemi wa Unyamwezi, asingefanya hivyo. Yeye alipigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871, na alijua kuhesabu baruti kabla ya kuhesabu watu.

Na ile bunduki ya rashasha ya Maxim ya Stanley! Nimeshaandika na narudia: imesifiwa kupita kiasi. Ilibebwa mabegani kuvuka bara zima, na sifa yake kubwa iliipata baadaye Kampala, mikononi mwa Kapteni Lugard. Msituni ilikuwa uzito tu.

Lakini uongozi wa Stanley wa njia yenyewe, hadi kushuka bonde letu la Semliki mwaka 1889, ulikuwa mzuri.

Huko nyuma Yambuya, watu waliokaa kusubiri walikula muhogo mchungu bila kuuloweka, jambo ambalo mama yeyote wa Butembo angewakataza. Wapagazi wapatao 400 walipatikana baada ya karibu mwaka mzima. Msafara ulitoka Yambuya Juni 1888; Barttelot akapigwa risasi Banalya tarehe 19 Julai. Stanley alipofika hapo tarehe 17 Agosti, alimkuta mzungu mmoja tu, Bonny, na kati ya watu 271 aliowaacha walibaki kama 100, wengi wao hawawezi hata kusimama.