Bawaba Ndani ya Maji ya Chumvi

Katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, Elisabeth Smela, Pamela Abshire na wenzao waliweka pamoja vitu vitatu visivyozoea kukaa chombo kimoja: seli hai, chipu ya silikoni, na polima laini inayojikunja mithili ya msuli. Walichokiunda, wakakiita kliniki ya seli, ni vichupa vidogo mno vilivyojengwa juu ya chipu, kila kimoja na kifuniko chake, ndani mkiwa na elektrodi, yaani kipande cha metali kinachopokea umeme hafifu wa seli, na chini yake saketi za kuukuza umeme huo kabla haujapotea njiani.

Sifa ya kwanza iiendee bawaba ya kifuniko. Mwaka 1995, akiwa Linköping, Uswidi, pamoja na Olle Inganäs na Ingemar Lundström, Smela alikwisha kuonyesha visanduku vidogo vilivyojikunja vyenyewe kwa bawaba kama hizo, ambazo ni tabaka mbili zilizoshikamana: dhahabu, na polipiroli, polima inayopitisha umeme. Polipiroli hiyo imefungiwa molekuli kubwa zenye chaji hasi zisizoweza kutoka, hivyo ikipewa volti hasi, ioni za sodiamu, yaani chembe za chumvi zenye chaji chanya, huingia kutoka majini kuzisawazisha, nayo ikavimba; volti ikigeuzwa, ioni hutoka, ikanywea. Dhahabu haivimbi wala hainywei, basi tabaka hazina budi kupinda, na kifuniko kikafuata, kwa volti isiyofikia ile ya betri moja ya tochi.

Ustadi wenyewe umejificha pengine. Dhahabu haishiki vema juu ya silikoni, kero ambayo mafundi huiondoa kwa kutanguliza kromiamu kama gundi. Hapa kromiamu huwekwa upande mmoja tu, ili upande wa pili ubanduke polima inapouvuta.

Ila maji yaleyale ya chumvi, makazi ya seli na nguvu ya bawaba, huila aluminiamu ya chipu, kwa hiyo kila waya sharti uzibwe, na palepale elektrodi iachwe wazi, kwa kuwa seli haisikiki kupitia ukuta. Uzibaji huo ndio unaoamua kama chipu itaishi muda mrefu kuliko seli inayochunguzwa.