Chaki Haifinyangi Chungu

Ndugu msomaji wa pwani, huenda Maswa waisikia kwa pamba na ng'ombe tu. Lakini wilaya hiyo ya Usukumani, iliyotiwa katika Mkoa wa Simiyu mwaka 2012, imejipatia jina pia kwa vijana wake waliojikusanya wakatengeneza chaki za kuandikia ubaoni. Kazi njema, tena ya halali.

Neno langu ni juu ya chaki yenyewe, maana tumeifanya mwalimu wa kila kitu, hata wa ufinyanzi na ususi. Somo la ufundi wa jadi likifika, mwalimu huandika, watoto hunakili, mtihani hupita, na hapana aliyeshika udongo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka mikono ya mwanafunzi ifanye kazi. Pengi ikaishia kwenye jembe. Fundi wa kijijini hakuitwa shuleni.

Hebu tutazame chungu. Udongo hutwangwa, ukatiwa chenga za vigae vikuukuu ili usipasuke motoni. Kiasi gani? Ubao haujui. Bibi akiukanda, vidole vyake humwambia kama umekubali. Kisha chungu hukaushwa kivulini, polepole. Mwenye pupa akikianika juani, mdomo hupasuka na kazi yote hupotea. Mtoto aliyepasukiwa mara moja hahitaji kuandikiwa.

Watasema, ipo makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, aliyoiasisi Padri David Clement kutoka Kanada. Ni kweli, na ashukuriwe kwa ngoma na viti vya watemi vilivyohifadhiwa. Lakini kitu kilichowekwa kitazamwe hakimfundishi mtu kukitengeneza.

Wako pia wazazi wa Kiislamu wanaochelea kwamba "urithi" ni mlango wa matambiko. Hofu yao si ya bure, na mwalimu ana wajibu wa kutenga haya na yale. Ila chungu cha kupikia kina kosa gani? Nabii Daudi, amani iwe juu yake, alifua chuma.

Wala sisi wa pwani tusiwacheke. Kofia ya vito, ishonwayo kwa mkono miezi na miezi, twainunua ya mashine. Na binti zetu wangapi walijua jina la ukili bila ya kujua kuusuka?

Basi na aitwe mfinyanzi wa pale pale Maswa, alipwe kama mwalimu, apewe alasiri moja kila wiki. Na mtihani uwe huu: chungu kitiwe maji, kiwekwe jikoni.