Heko, WAVIU washauri wa Tunduma

Mji wa Tunduma haulali. Malori ya Zambia na Kongo hujipanga barabarani usiku kucha, na mpaka una mambo yake. Katika mji huu wa mkoa wa Songwe, Tanzania, mkoa uliozaliwa mwaka 2016, nawapa heko watu wasiopigiwa makofi: WAVIU washauri. Wao wenyewe ni WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ndiyo maana kijana huwasikiliza hata pale daktari alipochoka kusema.

Tazama kazi yao katika kliniki ya tiba na matunzo (CTC). Kijana wa bweni analalamika kuwa kopo la dawa linalia sandukuni, wenzake watauliza. Mshauri hamkaripii. Anachukua pamba, anaijaza koponi, analitikisa: kimya. Kisha wanapanga saa ya kumeza, baada ya prepu. Jambo dogo, lakini ndilo linalombakiza mtoto darasani.

Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure nchini tangu 2004, na sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza ubaguzi. Ila dawa haimfuati mtoro wa kliniki nyumbani. Mshauri humfuata, kwa miguu, bila sare, majirani wasije wakashtuka. Anabisha hodi kama shangazi aliyepita kusalimia.