Karata za Kawaida: Uhakiki wa Fungu Moja Jekundu

Mhakiki wa Kiswahili amezoea kuulizwa habari za riwaya, tamthilia na ushairi. Akisema anataka kuhakiki fungu la karata lililomo ndani ya simu atachekwa, na huenda kicheko hicho kikawa cha haki. Hata hivyo fungu la karata lina mtunzi, lina mpangilio, lina lugha, na lina msomaji wake, yaani mpinzani. Makala haya yanachunguza fungu moja tu, jekundu na la bei nafuu, ambalo mwandishi amelicheza jioni nyingi hapa Fungurume, na kwa njia hiyo yanauliza: thamani ya karata hutoka wapi?

Mchezo wenyewe ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na mwanahisabati wa Marekani, Richard Garfield, na kutolewa mwaka 1993 kwa karata za karatasi. Sura yake ya kidijitali, Magic Arena, ilizinduliwa rasmi mwaka 2019, ikaingia katika simu mwaka 2021. Kila mchezaji huanza na uhai 20 na karata 7 mkononi, tena huja na fungu lake mwenyewe lisilopungua karata 60. Hapo ndipo mchezo huu unapoachana na karata ambazo watu wa pwani walizipokea kwa Wareno pamoja na maneno kopa, shupaza na turufu. Katika karata hizo jozi ni moja kwa wote: huchangwa, hugawanywa, na turufu yaweza kumwangukia yeyote. Katika Arena turufu hutafutwa kabla ya kuketi. Iko ndani ya vifurushi vilivyofungwa, ambavyo hununuliwa ama kwa dhahabu ya mchezo inayochumwa polepole, ama kwa vito vinavyolipiwa pesa halisi. (Dhahabu na vito! Mtu wa Lualaba hawezi kuyapita maneno hayo bila kutabasamu.)

Fungu langu ni Milima 20 na viumbe na hirizi za daraja la chini. Uzuri wake ni ubahili. Zamu ya kwanza naweka Mlima na kumtoa Monastery Swiftspear, ambaye hushambulia papo hapo: mpinzani anabaki na uhai 19. Zamu ya pili Mlima wa pili unanipa nguvu ya kutupa Shock mbili, kila moja ikiondoa uhai 2. Swiftspear huongezeka nguvu kwa kila hirizi itupwayo, hivyo yeye naye, asipozuiwa, anaondoa 3. Mpinzani ana uhai 12, na karata zake za fahari, zinazodai ardhi tano au sita, zingali mkononi mwake kama hotuba isiyopata jukwaa. Ni fani ya mtunzi anayepima mizani: hakuna silabi iliyozidi.

Lakini je, karata hizi ni duni? Tazama historia ya Swiftspear huyu. Mwaka 2014 alichapishwa katika daraja la pili. Mwaka 2022 mchapishaji alimtoa tena katika daraja la kawaida, na hivyo akapata ruhusa ya kuingia katika Pauper, yaani mashindano ya mafukara, ambamo hukubaliwa tu karata zilizowahi kuwa za kawaida. Mei 2023 akapigwa marufuku humo kwa kuzidi nguvu. Katika safari hiyo yote karata haikubadilika nguvu hata kidogo; kilichobadilika ni muhuri. Uadimu ni amri, si sifa. Nakala ya kidijitali haimgharimu mchapishaji karibu chochote. Ni yeye anayeamua iwe nyingi au chache. Sisi tunaoishi juu ya shaba na kobalti tunaielewa hoja hiyo upesi. Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na Oktoba ikaweka viwango, ili bei ipande. Jiwe lilikuwa lile lile. Tofauti ni kwamba jiwe lina wachimbaji wake, nao walikuwapo siku ya amri.

Nisilisifu fungu langu kupita kiasi. Mpinzani akivuka zamu ya sita, mkono wangu huwa mtupu, nami hungojea karata moja moja kama abiria wa barabara ya Likasi wakati wa mvua. Wanaodai kwamba fungu la bei nafuu linamlinganisha fukara na tajiri wanasema nusu ya kweli: linamlinganisha mwanzoni tu, naye tajiri anaweza kulijenga pia, ilhali mimi siwezi kulijenga lake.

Limebaki suala la lugha. Mchezo huu hauna Kiswahili; sisi huusoma kwa Kifaransa, ambamo fungu la kuvutia karata ni maktaba, na karata zilizotumika huenda makaburini. Picha hizo zinahamia kwetu bila taabu. Taabu iko katika neno “sort”. Hapo juu nimeandika “hirizi”, nami sikuridhika, kwa kuwa hirizi huvaliwa, haitupwi. “Uganga” ni mpana mno. “Ulozi” ndio ulio karibu zaidi na kitendo chenyewe, lakini nani atalitamka neno hilo sebuleni, mama mkwe akisikia? Wanafunzi wawili ninaocheza nao wamekwisha kuamua bila kuningoja: wao husema “nakutupia shoki”, kisha hushambulia.